Namna ya kupatanisha imani ya dini na nadharia ya mageuko bila kupotosha upande wowote

Swali la kama mtu anaweza kumwamini Mungu Muumba na papo hapo akakubali kwamba viumbe vimebadilika umbo kwa mamilioni ya miaka huulizwa kana kwamba ni swali moja, na kwa sababu hiyo hujibiwa kwa neno moja, ndiyo au hapana. Kwa kweli ni maswali mengi yaliyofungwa pamoja. Umri wa dunia ni swali lake, asili ya wanyama ni jingine, Adamu ni jingine kabisa, na mateso ya viumbe wasio na hatia ni swali lililokuwapo karne nyingi kabla Darwin hajazaliwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya muumini, hasa Mkristo au Mwislamu, anayetaka kuyafungua maswali hayo moja baada ya jingine, na pia kwa mzazi, mwalimu, padre, mchungaji au imamu anayeulizwa na vijana na hataki kuwajibu kwa kuwanyamazisha. Nitaje msimamo wangu mapema: upatanisho unawezekana, lakini si kwa kila namna ya kuyasoma maandiko, na anayemwahidi muumini kwamba hakuna chochote kitakachobadilika katika fikra zake hamtendei haki.

Andika kwanza unachoogopa kukipoteza

Hatua ya kwanza haihusu biolojia hata kidogo. Chukua karatasi uandike, kwa sentensi kamili, ni fundisho gani la dini yako unaloona litavunjika ukikubali mageuko. Usiandike “imani yangu” kwa jumla. Andika jambo lenyewe, kwa mfano kwamba Mungu ndiye aliyeumba vyote, kwamba mwanadamu ana heshima ya pekee, kwamba Adamu alikuwa mtu halisi, au kwamba dunia iliumbwa kwa siku sita za saa 24. Kisha, mbele ya kila jambo, andika limetoka wapi: katika maandiko yenyewe, katika kanuni ya imani ya jumuiya yako, katika makubaliano ya wanazuoni, au katika mahubiri uliyoyasikia ukiwa mdogo na hukuwahi kuyachunguza.

Kazi hii hupunguza mzigo kwa kiasi kikubwa kabla hata ya kugusa sayansi. Kanuni ya Imani ya Nisea, iliyotungwa mwaka 325 na kupanuliwa mwaka 381, inamkiri Mungu kuwa Muumba wa mbingu na dunia, na wa vitu vyote vinavyoonekana na visivyoonekana, lakini haisemi aliumba kwa muda gani wala kwa njia gani. Nguzo sita za imani katika Uislamu hazina hata moja inayohusu umri wa ardhi au namna wanyama walivyopata maumbo yao. Hilo halimaanishi kwamba maandiko hayana la kusema juu ya uumbaji; linamaanisha tu kwamba si kila fikra tuliyonayo juu ya uumbaji ina uzito wa nguzo ya imani, na ni vyema kujua ipi inao na ipi haina.

Jifunze dai lenyewe, si kivuli chake

Watu wengi hukataa kitu ambacho hakuna mwanabiolojia anayekifundisha. Nadharia ambayo Charles Darwin na Alfred Russel Wallace waliitangaza pamoja mwaka 1858, na ambayo Darwin aliifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1859, haisemi kwamba binadamu alizaliwa na sokwe wa leo. Inasema kwamba viumbe vyote vina asili ya pamoja, kwamba watoto hutofautiana kidogo na wazazi wao, na kwamba wale wenye tofauti zinazowafaa katika mazingira yao huacha wazao wengi zaidi, hata baada ya vizazi vingi sana jamii nzima ikawa imebadilika. Binadamu na sokwe, kwa hesabu za sasa, walitengana kutoka kwa mababu wa pamoja takribani miaka milioni sita au saba iliyopita. Nadharia hiyo haielezi uhai wa kwanza ulianzaje, kwa kuwa inaanza kazi pale ambapo tayari kuna kitu kinachozaana, na haina kipimo cha kuthibitisha wala kukanusha kuwapo kwa Mungu.

Baada ya kulijua dai, utazame angalau ushahidi mmoja kwa karibu, kwa sababu anayepatanisha imani yake na jambo asilolijua hupatanisha hewa. Mimi napendekeza huu. Binadamu ana kromosomu 46 (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli), yaani jozi 23, ilhali sokwe, gorila na orangutani wana 48, yaani jozi 24. Ikiwa wote wana asili moja, jozi iliyopungua kwetu ilikwenda wapi? Ncha za kila kromosomu hulindwa na mfuatano wa herufi za vinasaba, TTAGGG, unaorudiwarudiwa mara nyingi, na mahali pake pa kawaida ni nchani. Mwaka 1991 watafiti walionyesha kwamba katika kromosomu namba 2 ya binadamu mfuatano huo upo pia katikati, ukiwa umeelekeana na nakala yake iliyogeuzwa, sawasawa na ambavyo ingetazamiwa ikiwa ncha mbili ziliungana. Kromosomu hiyo hiyo ina mabaki ya sentromea ya pili, sehemu ambayo kwa kawaida huwa moja tu katika kila kromosomu, na jeni zake zimepangwa kwa utaratibu ule ule wa kromosomu mbili za sokwe zikiunganishwa ncha kwa ncha. Ongeza jeni ya kutengenezea vitamini C, inayofanya kazi kwa wanyama wengi lakini imeharibika kwetu, na imeharibika vilevile kwa sokwe, nyani na tumbili.

Muumini anaweza kusema kwamba Mungu aliweza kuumba hivyo moja kwa moja, na ni kweli hakuna wa kumzuia Mwenyezi. Ila hapo itambidi aeleze kwa nini Mungu wa kweli aumbe mwili wenye kovu la tukio ambalo halikutokea kamwe. Hoja hiyo naiona kuwa ya kidini zaidi kuliko ya kisayansi, na ndiyo iliyo na uzito mkubwa kuliko zote kwa mtu anayeamini kwamba Muumba hadanganyi.

Kuhusu umri wa dunia sitarefusha. Kupungua kwa madini ya urani na kugeuka kwake kuwa madini ya risasi ndani ya miamba na vimondo kumeipa dunia umri wa takribani miaka bilioni 4.54, na njia nyingine zisizotegemea hiyo hutoa majibu yanayolingana nayo. Askofu mkuu James Ussher, aliyehesabu mwaka 1650 kwamba uumbaji ulifanyika mwaka 4004 kabla ya Kristo, alifanya kazi ya kisomi kwa vitabu alivyokuwa navyo, lakini hesabu yake haiwezi kusimama leo. Anayeshikilia dunia ya miaka elfu chache hana namna ya kupatana na mageuko, wala na jiolojia, wala na elimu ya nyota, na ni afadhali aambiwe hivyo waziwazi kuliko kupewa matumaini ya bure.

Tenga matokeo ya utafiti na falsafa iliyobandikwa juu yake

Sentensi inayosema kwamba binadamu na sokwe wana mababu wa pamoja ni ya biolojia, nayo inaweza kupimwa. Sentensi inayosema kwamba kwa hiyo hakuna Muumba si ya biolojia, hata akiisema mwanabiolojia mashuhuri akiwa amevaa koti lake la maabara. Unaposoma kitabu au kusikiliza hotuba, simama penye kila “kwa hiyo” uulize kama hitimisho limetoka kwenye ushahidi au limetoka kwenye mtazamo wa msemaji juu ya ulimwengu. Fanya vivyo hivyo unapomsikiliza mhubiri anayesema kwamba kukubali mageuko ni kukana Mungu, kwa sababu kauli hiyo nayo imeunganisha mambo mawili bila kuonyesha kiungo.

Darwin mwenyewe, katika barua ya mwaka 1879, aliandika kwamba ni upuuzi kutilia shaka kwamba mtu anaweza kumwamini Mungu kwa dhati na pia kukubali mageuko; na aliyasema hayo ingawa yeye binafsi, katika barua hiyo hiyo, alijitaja kuwa mtu asiyeweza kusema anajua. Asa Gray, mwanabotania wa Harvard aliyeitetea nadharia hiyo Marekani tangu mwanzo, alikuwa Mpresbiteri mwenye msimamo. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa wajenzi wakuu wa biolojia ya mageuko katika karne ya 20, alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi. Francis Collins, aliyeongoza mradi wa kusoma jenomu ya binadamu, yaani vinasaba vyake vyote, uliokamilika mwaka 2003, ni Mkristo, na Rana Dajani, mwanabiolojia wa Jordan anayefundisha mageuko, ni Mwislamu. Hata hivyo usiitumie orodha ya namna hii kama hoja. Mtu anaweza kushika moyoni mambo mawili yanayopingana bila kugundua, na kwa hiyo kuwapo kwa wanasayansi waumini kunathibitisha tu kwamba njia imepitwa na wengine. Kuipita bado ni kazi yako.

Yasome maandiko kwa makini zaidi, si kwa makini kidogo

Kosa linalotendeka mara kwa mara ni kudhani kwamba anayekubali mageuko huyasoma maandiko kijuujuu. Jaribu kinyume chake. Fungua Mwanzo sura ya kwanza na ya pili, uziweke bega kwa bega. Katika sura ya kwanza mimea hutangulia, wanyama hufuata, na mwanadamu, mwanamume na mwanamke, huja mwisho. Katika sura ya pili mtu hufanywa kwa mavumbi kabla ya mche wa kondeni kuota, kisha wanyama huumbwa na kuletwa kwake awape majina, na mwanamke huja baada yao. Nuru, usiku na mchana hutokea siku ya kwanza, ilhali jua huwekwa siku ya nne. Waliozipanga sura hizo ziongozane hawakuwa wajinga wasioona tofauti hizo. Walikuwa wakifundisha jambo jingine, kwamba jua na mwezi ambavyo mataifa jirani yaliviabudu ni taa tu, na kwamba mtu ni mfano wa Mungu.

Usomaji huu haukubuniwa ili kumkimbia Darwin. Askofu Augustino, mwanzoni mwa karne ya tano, aliandika maelezo marefu juu ya Mwanzo na kuwaonya Wakristo wasiseme mambo ya kipuuzi kuhusu nyota na viumbe kwa kutumia jina la Maandiko mbele ya wasioamini wanaoyajua mambo hayo, kwa kuwa watu hao hawatawaamini tena wanaposikia habari za ufufuo. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alisema jambo linalofanana nalo sana aliposhughulikia kupatwa kwa jua na mwezi: anayedhani kwamba kukataa hesabu zilizothibitishwa za wanafalaki ni sehemu ya dini huidhulumu dini. Na mwaka 1888 Hussein al-Jisr, mwanazuoni wa Tripoli iliyoko Lebanon ya leo, aliandika kwamba mageuko hayakuwa yamethibitishwa machoni pake, lakini yakithibitishwa kwa hoja ya kukata shauri, aya zinaweza kufasiriwa kwa kupatana nayo.

Kuna hatari ya upande wa pili ambayo naiona ikikua, nayo ni kuzilazimisha aya zitamke sayansi ya leo. Kurani inasema kwamba kila kilicho hai kimetokana na maji, na kwamba watu wameumbwa kwa hatua, na baadhi ya wahubiri huzichukua aya hizo kuwa ni biolojia iliyotangulia wakati wake. Sayansi hurekebishwa, na aya iliyofungwa kwenye maelezo ya mwaka huu italegea maelezo hayo yakibadilika. Sura ya Al-Ankabut, aya ya 20, inawaamuru watu watembee katika ardhi watazame jinsi Alivyoanzisha uumbaji. Hiyo ni amri ya kwenda kutazama, na naiona inamtosha Mwislamu anayetaka kuchimba visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale, kwa moyo mweupe.

Mfikie Adamu bila haraka

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, na anayepapita mbio hajapatanisha kitu. Mabaki ya Jebel Irhoud nchini Morocco yanaonyesha watu wa spishi yetu waliokuwapo takribani miaka 300,000 iliyopita, na utofauti wa vinasaba vyetu unaonyesha kwamba mababu wa binadamu wa leo, katika kipindi hicho chote, walikuwa maelfu na si wawili peke yao. Maandiko ya Kiyahudi, ya Kikristo na ya Kiislamu yanazungumza juu ya Adamu, na kwa Wakristo wengi fundisho la dhambi na wokovu limeegemea kwake.

Zipo njia tatu ambazo waumini makini wamezipita. Ya kwanza humsoma Adamu kama picha ya kila mtu, ambaye hakuwa na jina wala kaburi katika historia. Njia hii haina mgongano na sayansi, lakini gharama yake ni kubwa: Mkristo lazima aeleze upya Warumi sura ya tano, inayomlinganisha Adamu na Kristo, na Mwislamu atajikuta akipingana na wanazuoni walio wengi mno, wanaomhesabu Adamu kuwa nabii. Ya pili humwona Adamu kuwa mtu halisi, aliyeteuliwa na Mungu kutoka katika jamii ya watu waliokuwapo, akapewa agano na wajibu kwa niaba yao. Papa Pius wa Kumi na Mbili, katika waraka wake wa mwaka 1950, aliruhusu utafiti juu ya asili ya mwili wa mwanadamu huku akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, lakini alionya kwamba haionekani jinsi dhana ya mababu wengi wa kwanza inavyopatana na dhambi ya asili. Yohane Paulo wa Pili alikiri mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Mkatoliki anayepita njia hii ana nafasi pana, lakini onyo la mwaka 1950 lingalipo nalo halipaswi kufichwa.

Ya tatu humshikilia Adamu aliyeumbwa kwa muujiza, bila baba wala mama, na kukubali mageuko kwa viumbe vingine vyote. Waislamu wengi wanaoijua biolojia husimama hapa. Aya ya 59 ya Al-Imran inamfananisha Isa na Adamu katika kuumbwa kwake, na kama vile muujiza wa Isa kuzaliwa bila baba haubatilishi elimu ya uzazi, muujiza mmoja wa Adamu haubatilishi elimu ya mageuko. Je, watu wote wanawezaje basi kuwa wana wa Adamu ikiwa mababu walikuwa maelfu? Jibu liko katika tofauti ya ukoo na vinasaba. Kila mtu ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na idadi huongezeka kwa kasi ukirudi nyuma, hata koo zikaanza kuingiliana. Utafiti wa kihesabu uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba mtu ambaye ni babu wa pamoja wa kila aliye hai leo huenda aliishi miaka elfu chache tu iliyopita, bila kuwa babu pekee wa wakati wake. Kwa hiyo Adamu anaweza kuwa baba wa wote bila kuwa chanzo pekee cha vinasaba vyao. Gharama ya njia hii ni kukubali kwamba wazao wake walioana na watu ambao maandiko hayawataji. Naiona kuwa gharama inayobebeka, hasa kwa asiyeweza kuachana na Adamu wa historia, mradi akubali kwamba anasema jambo ambalo sayansi hailikanushi wala hailiungi mkono.

Usimtafute Mungu kwenye mapengo, wala usiiogope bahati

Newton alidhani kwamba mizunguko ya sayari ingeharibika polepole na kuhitaji Mungu airekebishe. Chini ya miaka 100 baadaye Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, alitoa maelezo ya kihesabu yasiyohitaji marekebisho hayo. Muumini anayesema “hapa sayansi imeshindwa, basi hapa ndipo Mungu alipo” humfanya Mungu ahame kila utafiti unapoendelea. Ukikuta pengo katika rekodi ya visukuku, liache liwe pengo. Kisukuku cha Tiktaalik, samaki mwenye shingo na mapezi yenye mifupa ya mkono, aliyeishi takribani miaka milioni 375 iliyopita, kilipatikana Kanada mwaka 2004 katika miamba ya umri ambao watafutaji walikuwa wameutabiri.

Kuhusu bahati, ni kweli kwamba mabadiliko ya vinasaba hutokea bila kujali kiumbe kinahitaji nini, ingawa uteuzi unaofuata si wa kubahatisha. Muumini hana sababu ya kutetemeka kwa hilo. Mithali 16:33 inasema kura hutupwa, lakini hukumu yake ni ya Bwana, na Kurani inasema kwamba halianguki jani ila Yeye analijua. Mwanateolojia Thomas wa Akwino alifundisha katika karne ya 13 kwamba majaliwa ya Mungu hayaondoi mambo ya kibahati katika ulimwengu.

Yape mateso nafasi yake

Darwin alimwandikia Asa Gray mwaka 1860 kwamba hakuweza kujishawishi kuwa Mungu mwema aliwaumba kwa makusudi nyigu ambao mabuu yao hula viwavi wakiwa hai. Alikuwa amefiwa na binti yake Annie, wa miaka kumi, mwaka 1851, na barua hiyo inastahili kusomwa kwa heshima. Usimjibu mtu wa aina hiyo kwa sentensi moja.

Jambo linaloweza kusemwa kwa hakika ni dogo. Kifo cha wanyama kabla ya mwanadamu hakipingani na Maandiko kama inavyodaiwa, kwa kuwa Warumi 5:12 inazungumza juu ya mauti kuwafikia watu, na Zaburi 104 inawaona wanasimba wakitafuta mawindo yao kwa Mungu bila kuliita jambo hilo laana. Zaidi ya hapo mageuko hayakulileta swali hili. Yameliongezea tu muda, kutoka miaka elfu chache hadi mamia ya mamilioni. Kama ulikuwa na njia ya kuishi na swali la Ayubu kabla ya kusoma biolojia, ndiyo njia utakayoendelea nayo, na kama hukuwa nayo, kuikataa biolojia hakutakupa.

Unapoulizwa na wengine

Sikiliza ni swali gani hasa linaloulizwa. Mara nyingi hofu iliyo chini ya swali la mageuko ni ya maadili: tukiwa tumetokana na wanyama, kwa nini tusiishi kama wanyama? Hofu hiyo ina historia. Katika kesi ya Dayton, Tennessee, nchini Marekani, mwaka 1925, ambamo mwalimu alishtakiwa kwa kufundisha mageuko, kitabu cha shule kilichobishaniwa kilipanga watu kwa ngazi za rangi na kusifu uzalishaji teule wa binadamu, na waliokiogopa hawakuogopa bure. Jibu ni kwamba namna kitu kilivyotokea haituambii tunapaswa kukitendeaje, na kwamba mwanadamu aliyefanywa kwa mavumbi hakuwa na asili ya kifahari kuliko aliyefanywa kwa njia ndefu.

Mwanafunzi akiuliza aandike nini kwenye mtihani wa biolojia, mwambie aandike biolojia, kwa usahihi wote, kwa kuwa mtihani unapima kama analielewa dai na ushahidi wake. Akiuliza aamini nini kuhusu Adamu, mweleze njia zote tatu pamoja na gharama za kila moja, kisha umwambie ipi unayoifuata wewe na kwa nini, na umwachie muda wa kutosha wa kufikiri kabla ya kumdai jibu.